Mguu wa Kushoto

Kiherehere ndicho kilichomponza Mageni. Msisingizie uchawi peke yake.

Jioni ile ya mwaka wa nzige, kule Tinde, alimuaga mkewe Mbuke, mama wa mwanawe Maganga: "Narudi sasa hivi, usile peke yako." Akavuka uzio wa minyaa kwa jirani yake Jilala, fundi wa chama cha wacheza nyoka, aliyekuwa akimfundisha kuchora picha za ukutani za chama hicho. Kwa desturi yao, mwanafunzi huiga mchoro wa zamani wa ukutani, alama kwa alama, mpaka fundi aridhike.

Nyumba haikuwa na dirisha. Ukutani alikuwepo mtu wa udongo mwekundu na masizi, mdomo wazi, viganja mbele kama anayesukuma mlango. Mguu wa kushoto hakuwa nao.

"Mchore vilevile, mwanangu," Jilala alinong'ona. "Usipunguze. Usiongeze."

Akatoka, akaufunga mlango.

Mageni akachora kwenye ukuta wa pili. Viganja... mdomo... Lo, alipendeza! Akajiona fundi kwelikweli. Ila mguu ule ulimkera. Si umefutika tu? Akachovya kidole, akauongeza.

Harufu ya kaburi bichi ikapanda.

Tap.

Hatua moja, sakafuni.

Akataka kugeuka, shingo ikagoma. Akataka kupiga yowe. Mdomo ulikuwa wazi tayari, sauti haikutoka. Viganja vyake vilisukuma kitu baridi, kigumu, asichokiona. Jamani, aliogopa!

Mbele yake mtu alikuwa akijifuta vidole kwenye shuka. Shuka lake! Na begani kovu lake la panga. Mtu yule akafungua mlango, akaenda zake bila haraka.

Ukuta wa mbele, yule wa mguu mmoja alikuwa akimtazama.

Jilala akaingia na kitambaa kibichi.

"Wote huongeza," alisema kwa huzuni. "Hata huyo mwenzako aliongeza."

Akaufuta mguu wa kushoto wa Mageni, taratibu, mpaka ukaisha.

Nje, ng'ambo ya uzio, Mbuke alicheka. "Baba Maganga, umewahi leo! Ugali bado wa moto."

"Si nilikwambia narudi sasa hivi," ikajibu sauti ya Mageni. Kisha ikauliza, polepole...

"Mtoto yuko wapi?"

Mageni akasukuma. Anasukuma mpaka leo.