Kanda za Buluu

Kila Alhamisi baada ya mapumziko, darasa la sita lilifanya kazi za vikundi. Safari hii kikundi cha Kiherehere, msichana aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuuliza, kilipewa kuonyesha idadi ya wanafunzi wa chuo cha wauguzi na madaktari cha pale mjini. Kwa kila mwaka walibandika ukutani ukanda wa karatasi nyekundu. Kila ukanda uliuzidi urefu ule wa mwaka uliotangulia.

"Kesho mkuu wa chuo akija kukagua kazi za vikundi na kuona hivi, zawadi ni yetu," alisema kiongozi wa kikundi, ambaye wenzake walimwita Waziri.

Kiherehere alikata kanda za buluu, fupi, akazibandika kando ya zile nyekundu. "Nyekundu ni wanaoingia. Hizi ni wanaomaliza. Mwalimu alitusomea zote, mbona tumeacha hizi?"

"Zinatia aibu," alisema Waziri, akazibandua.

Kiherehere akapaka gundi upya, akazirudisha.

"Una kichwa kigumu wewe."

"Kigumu, lakini kinahesabu."

Waziri alizibandua tena. Asubuhi, kabla mgeni hajafika, Kiherehere alizirudisha, kisha akasimama mbele ya ukuta kama mlinzi.

Mkuu wa chuo alikuwa mama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alitazama ukuta kwa muda. "Nani amebandika hizi fupi?"

Waziri alikagua viatu vyake.

"Mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajua maana yake?"

"Najua. Kati ya ukanda mrefu na mfupi kuna watu. Mmoja ni dada yangu. Darasani alifaulu, ila wodi ya mazoezi ni moja tu. Alisubiri zamu mpaka akachoka, akarudi nyumbani. Sare yake ameikunja sandukuni, na hataki mtu aiguse."

"Tumekwisha," alinong'ona Waziri.

Mkuu wa chuo alivaa miwani yake, akasogea karibu. "Hospitali ya pili imeshakubali kupokea wanafunzi wetu," alisema polepole. "Lakini hatukuwaita waliokwisha kuondoka. Kosa ni letu. Mwambie dada yako aje Jumatatu, na sare yake."

Zawadi ilikwenda kwa kikundi kilichochora mbu mkubwa kama kuku. Waziri alinuna.

"Zawadi itasahaulika," mwalimu alimwambia. "Lakini ukificha upungufu, hakuna atakayeushughulikia, na mgonjwa ndiye atakayekosa muuguzi. Kanda hizi zitabaki hapa."

Ukanda mmoja wa buluu ulikuwa umeanza kuachia pembeni. Waziri aliutazama, akashusha pumzi, akaenda kuleta gundi.