Kurasa Tupu za Kitabu cha Sista

Kabla sijafungua mdomo, weka mkono kifuani uape. Hutamwambia mtu. Si mume, si rafiki wa kanisani, si hata ng'ombe wakati unamkamua. Umeapa? Haya. Mimi pia niliapa, mbele ya wanawake kumi na mmoja, na siri nimeikalia siku nne nzima. Yule mama wa maziwa alipopita leo asubuhi nilimgusia nusu tu. Wewe nitakupa yote.

Ilianza Jumanne jioni, jua likizama, baridi ya Julai ikiingia chini ya mlango. Niliingia chumbani kutoa blanketi katika sanduku la bati. Chini ya blanketi hulala kitabu changu.

Ni kikubwa kama sinia, jalada lake kitambaa cha buluu, na ndani kuna michoro ya mafundi wa ng'ambo: farasi, mikono ya wazee, wanawake wanene waliolala bila haya. Sista aliyetufundisha kuchora alinipa nikiwa darasa la nne, zawadi ya mchoro bora. Masomo yangu yaliishia hapo, lakini hicho kitabu! Nilikuwa nikitoka kuteka maji nanawa mikono mara mbili ndipo nikifungue. Nilizinusa zile karatasi mpaka mama akaniuliza kama ni mkate.

Wachongaji wa hapa Wamunyu wamekitazama sana. Kilonzo, fundi wa kuchonga swala, shingo za swala wake alizitoa kwa wale farasi. Mwezi uliopita, kwenye matanga, alisimama akasema mbele ya umati kwamba mimi Nduku ndiye mama wa kazi yake yote. Nilitembea kichwa juu wiki mbili.

Mwisho wa kitabu kuna kurasa nne tupu. Zimekaa tupu zaidi ya miaka sitini.

Jioni hiyo niliinua blanketi, nikasikia harufu.

Penseli. Iliyochongwa sasa hivi...

Nikafungua nyuma.

Kilonzo alikuwa ananitazama.

Uso wake wote, na kovu la kidevuni, na macho mawili yaliyomaliziwa vizuri mpaka yanang'aa. Nilimwita mjukuu wangu Mueni, nikamuuliza kama ni yeye. Alicheka. Alisema yeye hata yai hawezi kuchora, na kwamba mtu haharibu kitabu atakachopewa. Ni kweli, nilikuwa nimetangaza kila mahali kwamba akienda chuo cha ualimu Januari ataenda nacho, akawaonyeshe watoto.

Kesho yake saa sita mchana Kilonzo alikuwa kibandani anachonga. Akaweka tezo chini. Akauliza ni nani amefunga mlango.

Kile kibanda hakina mlango.

Daktari alimmulika akasema macho ni mazima. Lakini mpaka leo haoni.

Alhamisi jioni nilirudi kwa sanduku. Ukurasa wa pili ulikuwa na uso wa Mueni. Nywele, shavu, ule mdomo wake wa kubishana. Mahali pa macho palikuwa peupe, karatasi tu.

Mtu aliyekulia hapa hahitaji kuelezwa. Mchongaji wetu huacha macho mwisho. Anachonga mwili, anapiga msasa, anapaka rangi ya viatu, na siku ya kumaliza ndiyo anatoboa macho. Kwa hiyo nilijua. Kuna mtu amebakisha kazi ya siku moja tu, kisha Mueni awe kipofu kama Kilonzo.

Nilishuku kila mtu. Nilimshuku Wanja, yule wa duka, ambaye watu wake walitoka Murang'a zamani, kwa sababu kila siku ana penseli sikioni. Nilienda kununua chumvi nisiyoihitaji ili niione penseli yake. Ilikuwa butu. Nilimshuku hata Mueni, nikampekua mkoba akiwa anaoga. Niliutoa ufunguo wa chumba kutoka kwa shada la funguo, nikaufunga kwa pindo la leso na kulala nao.

Kisha nikatazama pua.

Pua ya Mueni kwenye karatasi ilishuka kwa mstari mmoja, kutoka kwa nyusi mpaka mdomoni, penseli haijanyanyuliwa. Katika maisha yangu nimeona mtu mmoja tu akichora pua hivyo.

Kamene. Jirani yangu, ng'ambo ya ua wa minyaa. Tulikalia dawati moja.

Hapa ndipo kile kiapo chako kina kazi. Mwaka ule Sista alituambia kila mmoja amchore mtu anayempenda. Kamene alimchora mama yake, na ulikuwa mchoro wa kutisha kwa uzuri. Wiki hiyohiyo mama yake akafa. Kamene akiwa kwenye mazishi, mimi nilichukua kipande cha ndala, raba yetu ya siku hizo, nikafuta jina lake, nikaandika langu. Basi. Nikapewa kitabu, na Sista akaenda ng'ambo na ule mchoro. Kamene hakubaki na sura nyingine ya mama yake. Picha ya kamera wangeipata wapi?

Na hakusema neno. Miaka yote hiyo tumesalimiana, tumelimiana, tumezikiana. Sijawahi kusikia akiuliza, hata Kilonzo aliponisifu matangani yeye akisikia, hata nilipotangaza kitabu ni cha Mueni. Mtu asiyeuliza, mwogope.

Nilimwendea Wanja nikamwambia nusu, ile nusu isiyonihusu mimi. Alisema tuite wanawake wa jumuiya ya kanisani waje kuombea nyumba Jumamosi mchana. Nilikubali haraka. Kamene yuko kwenye jumuiya, na nilitaka awe mahali ninapomwona.

Walikuja kumi na mmoja. Kitabu nilikuwa nimekifungia kwa sanduku, sanduku ndani ya chumba, chumba kwa kufuli. Kamene alikaa karibu na dirisha la sebule, leso kubwa magotini, kikombe mkono wa kulia. Aliuliza kama sukari imekwisha nyumba hii. Watu wakacheka.

Tukaanza rozari.

Kwa fungu la tatu nilisikia.

Kwaru... kwaru...

Inatoka chumbani. Pole pole. Kama panya, lakini panya hachori mviringo. Mueni alikuwa jikoni. Nilimsikia akiosha vikombe. Sauti za maombi zilipungua moja moja mpaka tukabaki kimya.

Kwaru.

Nikamtazama Kamene. Alikuwa amefumba macho. Chini ya leso, kwenye goti, kitu kilikuwa kinatembea.

Nilinyoosha kidole tu. Wanja ndiye aliyeivuta ile leso.

Mkono wa kushoto. Vidole vitatu vimebana hewa, kama vimeshika penseli, vinachora juu ya sketi. Vidole vikizunguka, chumbani kunakwaruza. Vidole vikisimama, chumbani kimya.

Wanja akaukamata ule mkono. Mwingine akamsaidia. Mkono wa ajuza, mwembamba kama kijiti, ukawavuta wote wawili ukaendelea.

Mueni akasimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Susu," akaniita mimi bibi yake, "jicho langu moja limeingia moshi."

Sisi tunapikia gesi.

Nilipiga magoti kwa sakafu. Nilimwambia Kamene aache, mtoto hana kosa, anipige mimi. Alifumbua macho. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nduku, waambie wenzetu. Ule mchoro ulikuwa wa nani?"

Nikasema. Mbele ya jumuiya yote, kipande cha ndala, jina, mazishi, yote, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Wanja, ambaye nimemsengenya miaka ishirini, alinitazama akageuza uso.

Vidole vya Kamene vikalegea.

Chumbani kitu chembamba kikaanguka kwa simiti... kikabingirika... kikatulia.

Nilifungua kufuli. Dirisha lilikuwa na komeo lake. Hakuna mtu. Sanduku lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha, na kitabu kilikuwa juu ya kitanda, wazi. Mueni wa kwenye karatasi alikuwa na jicho moja, limemalizwa mpaka kope. La pili lilikuwa bado karatasi. Nilimwita Mueni mwenyewe nikamziba jicho moja, kisha lingine. La kulia halikuona kidole changu.

Wanja aliuinua mkono wa Kamene juu, kila mtu auone. Ncha za vidole vitatu zilikuwa nyeusi mpaka kwenye kucha, risasi ya penseli, bichi, inang'aa. Na tangu aingie kwangu hakuwa ameinuka kwenye kile kiti. Kumi na mmoja tulikuwa mashahidi. Mmoja alinong'ona neno *muoi*, mchawi, wengine wakarudi nyuma mpaka ukutani.

Kamene hakuuficha. Aliuchomoa taratibu kwa Wanja, akaninyooshea mimi, kiganja juu.

"Sasa nipe kitabu changu," akasema. "Zimebaki kurasa mbili, na mama bado sijamchora upya."