Katoni Arobaini za Kuwait

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, ghalani huko Yamumbi, Marion, mkaguzi wa matunda wa ushirika, alipasua avokado moja akapiga ukemi. Kokwa lilikuwa na ganda jeupe. Tunda changa hilo, haliivi hata ulizungushe dunia nzima. Jana jioni alikuwa amepitisha katoni arobaini za matunda yaliyokomaa, na sasa kila aliyoifungua ilikuwa na machanga. Ndege ya Kuwait ilikuwa inaondoka saa kumi alasiri.

Sajini Nasike wa polisi, aliyeitwa na ushirika, alifika saa mbili. Alistaajabu kweli: tunda la Uasin Gishu liliwe kesho na watu waliolala juu ya visima vya mafuta! Familia mia tatu zilingoja mzigo huu wa majaribio. Ukikataliwa, mkataba basi.

"Ni Wangila, yule broka," alisema mwenyekiti, Mzee Kiprotich. "Tulikataa bei yake. Mshike, Madam."

Wangila alikuwa sokoni, akipakia avokado. "Mimi? Vijana wangu huvuta matunda na mkono, Sajini. Angalia."

Alisema kweli. Matunda yake yalikuwa na shimo pale kikonyo kilipong'oka. Yale ya katoni yalikuwa na vikonyo vifupi, vimekatwa kwa mkasi kama wanachama wanavyofundishwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nasike alirudi ghalani, mwenyekiti alikokuwa akingoja. "Mashamba yenu yote yamekomaa?" alimuuliza Marion.

"Ya kule chini Ziwa, eeh. Kule juu Ainabkoi kuna baridi, bado miezi miwili."

"Nani analima huko?"

Marion aliinamisha macho. "Ni Mzee pekee. Nilimrudishia mzigo wake juzi."

Tyson, mlinzi, alikohoa. "Jana saa moja jioni ulikuja na pikapu, Mzee. Ukafungua ghala hili na ufunguo wako. Sikuuliza, wewe ni mwenyekiti."

Kiprotich alikaa juu ya kreti.

"Ni mimi nilienda Kuwait kuwaomba hao watu," alisema. "Nikatangaza kanisani kwamba avokado zangu zitatangulia. Ningewaambia nini? Nilidhani zitaiva njiani."

"Za wenzako ziko wapi?"

"Kwangu, stoo ya mahindi. Zingepanda ndege ingine."

Saa tisa na nusu katoni za matunda yaliyokomaa zilikuwa zimepakiwa ndegeni. Ndege iliponguruma na kuinua tumbo lake kubwa juu ya mashamba ya mahindi, Nasike alisimama mdomo wazi, akasahau kazi iliyomleta. Wakulima kwenye uzio wa uwanja wa ndege walikuwa wakilia na kuimba.

Kiprotich, pingu mkononi, alivua kofia.

"Zimeenda kweli," alisema polepole. "Na hakuna hata moja yangu."