Siku ya Kufumbua Macho

Sefu ilikuwa wazi na wala haikuvunjwa. Hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu alipoingia. Kitasa kizima, bawaba nzima, na ndani hamna kitu ila vumbi. Dirisha la chumba lilikuwa limevunjwa, lakini vipande vya kioo vilitapakaa nje, juu ya nyasi.

"Kimeibwa nini?"

"Flashi," alisema Mkurugenzi. "Moja tu."

"Flashi zinauzwa kila duka la simu, mzee wangu."

"Hiyo haiuzwi. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuifungua. Wageni wamekaa ukumbini, wanatungoja."

Inspekta alikuwa mwanamke asiyejua kukaa. Kituoni walimtania kwamba kiti chake kitarithiwa kikiwa kipya. Sasa alizunguka chumba kile kidogo huku Mkurugenzi akimweleza, naye akimkatiza kila alipopotea.

Kwa ufupi ilikuwa hivi. Taasisi ile ilipima jinsi ulimwengu unavyojikusanya. Zamani sana maada ilitapakaa karibu sawasawa kila mahali. Polepole ikavutana, ikawa makundi ya galaksi, na katikati yake mapengo matupu. Kasi ya kukusanyika huko ndiyo inayoonyesha kama nadharia iliyomo vitabuni ni sahihi. Taabu ni kwamba sehemu kubwa ya maada haionekani. Lakini mvutano wake hupinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake, na maumbo ya galaksi hizo huonekana yamepotoka kidogo, kama maandishi yanayosomwa kupitia kitako cha glasi. Wao walikuwa wamepima maumbo ya mamilioni ya galaksi.

"Sawa. Na flashi inaingiaje?"

Mkurugenzi alikuna kichwa. Binadamu, alisema, huona anachotaka kuona. Kwa hiyo kabla ya kuanza waliiambia kompyuta itengeneze nakala tatu za vipimo: nyekundu, kijani na bluu. Moja ni ya kweli, mbili zimechezewa kidogo. Wote walifanyia kazi nakala zote tatu bila kujua ipi ni ipi. Jibu lilikuwa kwenye flashi.

"Tulijifumba macho wenyewe," alisema, "ili tusijidanganye."

"Na nani aliitunza?"

Mkurugenzi aliinamisha uso kabla ya kujibu.

Mtunza siri wao walimbandika jina la Kufuli. Alikuwa mwanamke mdogo, mkimya, na ufunguo wa sefu ulikuwa mmoja tu, nao ulikaa kwenye mkoba wake. Inspekta alimkuta amekaa kwenye benchi la korido, mikono imebanwa magotini. Alieleza kwamba jana jioni alikwenda nyumbani, akala, akalala. Mkoba ulikuwa chumbani. Kando yake alisimama mumewe, ambaye naye alifanya kazi hapo hapo, upande wa kupima maumbo. Kwa kuwa Kufuli alikuwa dada wa kila mtu pale kazini, mume huyo aliitwa Shemeji na ofisi nzima. Alikuwa ameshika kikombe cha chai ambacho mkewe hakutaka hata kukigusa.

Simu ya Inspekta iliita. Mkuu wa Upelelezi hakuwa na salamu.

"Ufunguo mmoja, mwenye ufunguo mmoja, sefu haijavunjwa. Mshukiwa unaye. Unangoja nini?"

"Nipe hadi jioni, afande."

"Jioni nataka awe mahabusu."

Inspekta alikata simu. Akimchukua binti huyu, hata akija kuachiwa kesho, hakuna atakayempa tena kitu akitunze maisha yake yote. Na moyo wake ulikataa. Mwizi mwenye ufunguo halali angefunga sefu na kujiendea zake. Mwizi huyu alivunja dirisha akiwa ndani ili aonekane ametokea nje, tena akalivunja vibaya.

Lakini nani hufaidika kwa kupotea kwa jibu? Hakujua. Hata jibu lenyewe hakulielewa. Basi akaingia chumba kimoja baada ya kingine na kumwomba kila mtu jambo moja: amwonyeshe ambacho wangekitazama leo.

Mkurugenzi alimfungulia grafu tatu, moja kwa kila rangi, zikakaa sambamba kwenye kioo cha kompyuta. Mtaalamu wa takwimu alifungua tatu, huku akilalamika kwamba usingizi umempotea. Mama aliyesimamia kompyuta alifungua tatu. Walikuwa hata wameandika makala tatu kamili, kila moja na hitimisho lake, ili mbili zichanwe siku hiyo hiyo. Inspekta alichoka kuona rangi.

Shemeji alifungua ya bluu.

"Unaona mstari huu?" alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka. "Maada inakusanyika polepole kuliko nadharia inavyodai. Kitu fulani kinaizuia. Vitabu vingeandikwa upya."

"Na hizo nyingine?"

"Zipo."

Hakuzifungua. Inspekta alimshukuru, akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye benchi.

"Mkimwonyesha mgeni kazi yenu, mnafungua grafu ngapi?"

"Tatu," alisema Kufuli.

"Hata mkiwa na haraka?"

"Hata hivyo. Hatujui ipi ni ya kweli, sasa utaichaguaje moja? Ni kama kumpakulia mtoto mmoja wengine wanatazama. Hata kwa utani tulikatazana." Akainua uso. "Nani amefungua moja?"

Inspekta alimwita Shemeji kwenye chumba cha mikutano, akafunga mlango.

"Kaa."

Shemeji alikaa.

"Bluu ndiyo ya kweli?"

"Nitajuaje mimi?"

"Ndicho ninachokuuliza. Wenzako wote wamenifungulia tatu. Wewe umefungua moja, ukaizungumzia kama nyumba unayoishi."

"Nilikuwa na haraka."

"Vioo vimeangukia nje. Ufunguo ulilala kwako. Nipe flashi, au nimchukue mwenye ufunguo. Gari lipo tayari."

Shemeji alitazama kupitia kioo cha mlango. Mkewe alikuwa bado kwenye benchi, amempa kisogo. Akatia mkono mfukoni mwa shati, akaweka flashi mezani.

"Nilishindwa kuitupa," alisema.

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa sana. Miezi kadhaa nyuma Kufuli aliugua homa, akalala mchana kutwa. Yeye akachukua ufunguo, akafungua sefu, akachungulia kilichomo kwenye flashi. Alitaka tu kutuliza moyo. Akaona kwamba ya kweli ni bluu, na wakati ule bluu ilisema nadharia iko sawa, hakuna jipya. Miaka sita ya kazi ili kukubaliana na vitabu vya wengine. Tangu siku hiyo hakutulia.

"Nikaanza kusahihisha vipimo vya maumbo. Kamera ina kasoro zake, kila sahihisho lilikuwa na sababu, na sababu nzuri. Ila niliacha kusahihisha pale bluu iliponipendeza."

"Na wenzako?"

"Walinishukuru."

"Basi ungeacha ifunguliwe. Ungekuwa shujaa."

Alitikisa kichwa. Kabla ya kufungua, alieleza, mtunza siri husimama mbele ya wote na kuthibitisha kwamba hakuna aliyechungulia. Kufuli alikuwa akiyafanyia mazoezi maneno hayo nyumbani, akimuuliza kama sauti inatosha.

"Angeapa uongo asioujua, kwa ajili yangu. Nikasema bora flashi ipotee, kazi ianze upya. Jana usiku nikautoa tena ufunguo mkobani mwake, nikaja hapa. Sikujua kwamba mtamshuku yeye."

"Umejua tangu asubuhi," alisema Inspekta. "Ulikuwa umemshikia chai."

Inspekta alikuwa na hasira naye, na zaidi ya hasira alimhurumia, jambo lililomkasirisha upya. Akafungua mlango, akamwita Kufuli.

Kufuli aliingia. Aliiona flashi mezani, akamtazama mumewe, akaitazama tena flashi.

"Asubuhi niliulizwa kama kuna mtu mwingine anayeweza kuufikia ufunguo wangu," alisema taratibu. "Nikasema hakuna. Wala sikusema uongo. Sikukuhesabu wewe kuwa mtu mwingine."

Shemeji alifunika uso kwa mikono miwili. Sajenti aliingia na pingu. Inspekta alimwambia Kufuli kwamba yuko huru, aende nyumbani akapumzike. Wageni ukumbini wataelezwa na Mkurugenzi.

"Hapana," alisema Kufuli. Alijifuta macho kwa kiganja. "Kusimama na kusema kama kuna aliyechungulia, hiyo ni kazi yangu."

Akaenda ukumbini kuwaambia.