Zulia la Léonce Lilikuwa na Usukani Upande wa Kulia

"Léonce! Ni wewe umewaleta?!"

Nilipiga kelele mpaka sufuria ya uji ikanitoka mkononi.

Mume wangu Usumani alikuwa amelazwa kifudifudi uani kwetu, mtaa wa Biryogo mjini Kigali, juu ya zulia jipya la gari. Buti la jandarme, askari wa serikali, lilikuwa shingoni mwake.

Na mlangoni alisimama Léonce... rafiki yake. Mwenye gari. Mwenye zulia lenyewe!

Alitazama chini tu.

Wajukuu zangu mnaonisoma humu, leo mimi ni bibi, magoti yanalia nikiinuka. Lakini mwaka ule wa 1991 nilikuwa mama kijana, na Kaze wangu nilikuwa bado nambeba mgongoni. Kaeni niwasimulie taratibu.

Usumani alikuwa fundi wa viti na mazulia ya magari. Mimi nilikuwa na cherehani, namsaidia kushona kingo.

Léonce alikuwa karani, ofisi yake ilikuwa kule Muhima. Baba yake alikuwa amemwachia Pejo 404 nyeupe, gari la zamani lakini lenye heshima. Mvua ilikuwa inaingia, zulia likaoza, sakafu ikaanza kutoa harufu ya mbwa aliyelowa.

Léonce alisema, "Usumani, nataka seti mpya kabisa. Vipande vilivyokatwa tayari. Mzee akiangalia kutoka huko aliko, afurahi."

Seti kama hiyo Kigali haikuwepo. Usumani akamwagiza kaka yake aliyekuwa Mombasa. Mpaka wa Gatuna, wa kuingilia kutoka Uganda, ulikuwa umefungwa kwa vita, kwa hiyo mzigo ulizunguka Tanzania, ukaingilia Rusumo juu ya lori la chumvi.

Ulipofika tulishangilia kama tumepata mtoto!

Usumani alikuwa ameshafungua viti vyote. Alikuwa amebandua gundi kuukuu kwa kisu, akasugua kutu kwa brashi ya waya, akapaka rangi. Akatandaza zulia juani ili mikunjo ya safari ilegee. Akaanza na kipande cha katikati, kile cha kufunika nundu ya sakafu. Kikakaa vizuri sana.

Akachukua kipande cha dereva... akakigeuza huku na huku.

"Mama Kaze, njoo uone."

Zulia la dereva huwa na kipande cha mpira, pale kisigino kinaposugua. Mpira ule ulikuwa upande wa kulia. Na tundu za pedeli zilikuwa kulia.

Kumbe Mombasa, kama Uganda, magari yana usukani kulia! Sisi hapa kwetu usukani uko kushoto. Usumani aliagiza "Pejo 404" tu. Kaka yake akanunua "Pejo 404" tu. Hakuna aliyekumbuka kuuliza dereva anakaa wapi!

Nikamwambia, "Si uligeuze?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Hili si kitenge, mama. Nikiligeuza, manyoya yataangalia chini na gunia litaangalia juu!"

Léonce alipokuja naye alicheka. Alisema tusihangaike, Usumani atakata na kuhamisha, mimi nitashona upya. Nikaanza kweli, kabla hajakata chochote. Ukingo mmoja nilishaumaliza kwa uzi wa kijani, kwa sababu ndio niliokuwa nao.

Jioni ile Léonce alikwenda baa, akawachekesha wenzake. "Zulia langu limekuja na usukani wa Uganda!"

Wote wakacheka. Mmoja hakucheka.

Mnakumbuka vita vilitokea upande gani? Vilitokea Uganda, walikotoka waasi walioitwa Inkotanyi. Siku zile mtu aliweza kupotea kwa neno dogo kuliko hilo.

Sasa turudi uani kwangu.

Mkuu wao alichuchumaa juu ya zulia. Kituo chake sikitaji, na jina lake alibaki nalo mwenyewe.

"Hii zulia ni ya gari gani?"

"Pejo 404, shefu," Usumani alijibu, mdomo ukiwa kwenye manyoya.

"Hapa usukani iko kushoto. Hii mpira iko kulia. Weye unatengenezea nani gari? Inkotanyi?"

"Limetoka Mombasa, shefu..."

"Mombasa, Kampala, si ni njia moja!"

Lakini nikaona jambo. Mkono wake ulikuwa unalipapasa zulia polepole, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Kunja. Tunaenda nayo. Na huyu fundi."

Halafu akaongeza, "Na sanduku lake la vyombo."

Nikadhani ni ushahidi.

Nilimshika Usumani shati, shati likabaki mkononi mwangu. Wakampakia. Wakampakia na Léonce.

Jioni Léonce alirudi kwake mzima.

Usumani hakurudi...

Mtaa mzima ukasema! "Amemuuza mwenzake." "Karani yule ni nyoka." Vijana walimzomea akipita. Hakujibu mtu. Alitembea kama aliyeshonwa mdomo.

Mke wake, Illuminée, alikuja kwangu na unga wa muhogo, ameufunika kwa kanga.

"Mama Kaze, pokea. Tafadhali usiniulize."

Nilipokea. Mtoto hali hasira.

Kila siku nilipeleka chakula kituoni, maana kwetu mfungwa hulishwa na watu wake. Langoni hapo palikuwa na mama mmoja, Daphrose, muuza parachichi. Hakunijua hata kidogo, lakini alinipa kigoda chake, yeye akakaa kwenye debe. Jua likiwa kali alihamisha mwavuli wake, ukamfunika Kaze.

Jandarme wa lango alichukua bakuli.

"Yuko hai?" nikamuuliza.

"Rudi kesho, mama."

"Niambie tu kama yuko hai."

"Chakula kimeliwa."

"Kimeliwa na nani?"

"Kimeliwa, mama! Yewe, unataka nikuapie?"

Niliomba kumwona mkuu, nikaambiwa hayupo. Nilimtuma sheikh wetu, akarudishwa langoni. Nilitaka kulia kwa sauti, nikaogopa sauti yangu isije ikamponza aliye ndani. Nilichoweza ni kupika na kukaa, kukaa na kupika.

Siku moja bakuli lilirudi limeoshwa. Nikalinusa...

Gundi!

Gundi yetu ya mazulia, ile inayowasha pua! Wanamfanya nini mume wangu kwa gundi?!

Daphrose akanusa naye. "Basi huyo wamembandika ukutani, hatoki tena!"

Aliona uso wangu, akaniwekea mkono begani. "Samahani, mama. Nilitaka ucheke kidogo."

Kabla sijamjibu, lango likafunguliwa.

Likatoka gari. Pejo 404, ya kijani, inang'aa. Mkuu yule yule alikuwa anaendesha...

Usukani ulikuwa KULIA!

Alisimama karibu yetu, akafungua mlango ili aufunge vizuri. Nikaona sakafu. Zulia jipya, mpira wa kisigino chini ya kiatu chake. Na kwenye kingo... uzi wangu wa kijani!

Wajukuu zangu, mume wangu alikamatwa kwa kushona zulia la gari la Uganda. Na gari la Uganda lilikuwa la mkuu mwenyewe!

Ningesema nini? Kwa nani? Nilimwinamia kwa heshima, akanipungia mkono akaenda zake.

Nyuma ya vumbi lake akatoka Usumani, amekonda, amebeba sanduku lake la vyombo. Vidole vimejaa gundi.

Niliishika mikono yake, nikaigeuza.

"Mizima?"

"Mizima."

"Kwa nini mizima? Wenzako wanatoka wamevunjwa."

Akasema neno moja. "Léonce."

Tukiwa njiani alinieleza. Siku ile Léonce hakuwaleta. Walimtoa kitandani alfajiri, wakamsukuma mbele yao. Kituoni waliiweka mikono ya Usumani mezani, askari akainua kitako cha bunduki.

Léonce alikuwa amepitishwa uani mwa kituo, akaona gari la mkuu, sakafu chuma tupu. Akasema, "Shefu, zulia ni langu, lichukue. Linaingia kwenye gari yako bila kukatwa. Lakini ukivunja hiyo mikono, nani atakutilia zulia?"

Mkuu akacheka. Bunduki ikashuka.

Kisha akamwonya. "Ukisema nje neno moja, fundi wako hatoki."

Ndiyo maana alinyamaza! Mtaa mzima unamwita nyoka, naye amenyamaza ili mume wangu aishi.

Nilipofika nyumbani sikumpikia Usumani kwanza. Tulikuwa na zulia moja la sebuleni, jekundu, zawadi ya harusi kutoka kwa mama yangu. Nililitoa uani, nikalikung'uta, nikampa mume wangu mkasi.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Mkatie Léonce. Na safari hii, dereva anakaa kushoto!"

Lilikaa kama limezaliwa na gari lile. Léonce aliingia akavua viatu, hakutaka kulikanyaga. Illuminée alicheka, "Sasa utaendesha peku mpaka ofisini?" Majirani waliokuwa wakimzomea walisikia kisa chote, wakaja kuliangalia, wakaona haya, wakamsaidia kusukuma gari likawaka.

Mtauliza Léonce na Illuminée wako wapi leo.

Hawapo.

Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, walikuwa upande mwingine wa mji, na sisi tulikuwa tumefungiwa huku. Usumani alijaribu kutoka, akarudishwa kwenye kizuizi cha kwanza. Akajaribu njia nyingine, akarudishwa. Alikaa chini sebuleni, kwenye saruji tupu, akaitazama ile mikono yake mizima.

Hatukuweza kumfanyia Léonce alichotufanyia. Hatukuweza.

Somo langu ni fupi. Aliyekusimamia, mshukuru siku hiyo hiyo, kwa kitu unachokipenda wewe mwenyewe. Usingoje upate kingi.

Mimi sebule yangu ilikaa bila zulia miaka mingi, na sijajuta hata siku moja kwamba tulilikata mapema.