Wembe Mmoja wa Jumamosi

Kila Jumamosi baada ya kufua, bweni la wavulana lilinyolewa. Kinyozi, mvulana wa darasa la saba, alikuwa na wembe mmoja, ndoo ya maji na imani kubwa mno juu ya kipaji chake. Vichwa vilitoka pale vina mabaka kama ramani.

Jumamosi hiyo hakuanza na nywele. Alimwita Chura, mgeni wa muhula ule, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya chunjua zilizojaa kwenye kidole gumba chake cha kulia.

"Lete mkono, mgonjwa. Leo unapasuliwa bure."

"Niache, kaka. Nitaenda kwa nesi."

"Nesi atakupaka dawa mpaka uote ndevu. Mimi ni mara moja tu."

Wawili wakamshika. Chura akamgeukia kiranja wa bweni, aliyekaa juu ya sanduku akingoja zamu. "Kiranja, waambie basi."

Kiranja alijua neno lake moja lingetosha. Lakini waliocheka walikuwa wengi, naye alipenda sana kupendwa. "Acha kudeka," akasema.

Chunjua zikakatwa moja moja. Kila Chura alipolia, bweni zima lilimjibu kwa mlio wa vyura. Kisha Kinyozi akafuta wembe kwenye kaptula na, kwa heshima zote, akamnyoa kiranja kwanza.

Muhula ulipokaribia kwisha, kiranja aliingia zahanati ya shule amevaa kofia. Chini yake, chunjua zilikuwa zimejipanga kwenye paji la uso kama wanafunzi gwarideni. Chura alikuwa pale akibadilishiwa bandeji, naye alikwisha kumsimulia nesi yote ya Jumamosi ile. Kidonda kilikuwa kimeoza, na kidole hakikunjiki tena.

"Hivyo ni virusi, mwanangu," nesi alisema. "Ndani ya seli mna protini zinazolinda. Seli ikianza kunakili vinasaba ovyo, zinaizuia. Virusi vikiingia vinamfunga mlinzi huyo, halafu vinaitumia seli kunakili vinasaba vyao. Ngozi inaota chunjua. Na wembe wenu ndio uliovisafirisha."

"Kumbe kosa ni la mlinzi," kiranja alisema kwa matumaini.

"Mlinzi yule amefungwa. Wewe siku ile nani alikufunga?"

Kiranja akavua kofia, akainamisha paji la uso lipakwe dawa.

"Ukipewa kazi ya kulinda, linda hata wakicheka. Na kila mtu awe na wembe wake." Nesi akachovya pamba kwenye dawa inayounguza. "Chunjua zako zitaondoka. Kidole cha mwenzako sina dawa yake."