Miembe ya Mama na Funza Wake

Kila asubuhi nafagia uwanja, lakini sikio langu liko shambani. Pu! Embe limeanguka. Pu! Jingine hilo. Nikilipasua, funza tele. Jamani, moyo hautulii!

Mimi ni Ethel, wa hapa Lukuledi. Miembe yetu kumi na miwili aliipanda marehemu mama yangu. Mume wangu Silvano ameichoka.

"Mama Chrispin," aliniambia, "maembe yakioza tena msimu huu, naikata miti yote. Napanda mikorosho."

Nikachukua salfa, dawa ya unga iliyobaki tulipotibu mikorosho, nikapulizia miembe mpaka nikakohoa. Si inaokoa korosho? Basi itaokoa na maembe. Wapi! Yakazidi kuanguka.

Nikamkimbilia Huruma, bibi shamba wetu.

"Shikamoo, Mama Chrispin."

"Marahaba. Twende upesi, mwanangu, miti inakatwa!"

Alipoona majani yana vumbi la njano, alicheka kidogo. "Salfa ni dawa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho. Adui yako ni nzi wa matunda. Anatoboa embe, anataga mayai ndani. Vumbi halimfikii funza. Haya yaliyoanguka unayafanyaje?"

"Nayaacha yawe mbolea."

"Mbolea? Unafuga nzi, mama! Funza akishiba anaingia ardhini, halafu anatoka nzi mpya. Okota kila siku. Chimba shimo refu, uyafukie. Udongo wa kuyafunika uwe na kina cha kupita magoti yako."

Nilijisikia vibaya. Kumbe miaka yote nawalisha mwenyewe!

Huruma akatundika mitego kivulini. Ni makopo yenye matundu, na ndani mna kivutio, dawa yenye harufu ya kuwavuta nzi madume wanaswe. Kinauzwa duka la pembejeo, Masasi mjini. Madume wakipungua, na mayai yanayoanguliwa yanapungua.

Mara tukanusa moshi. Silvano alikuwa anachoma viota vya majimoto, wale chungu wekundu wa mtini.

"Baba Chrispin, acha!" Huruma alipiga kelele. "Hao wanamfukuza nzi asitage!"

"Wananing'ata, binti!"

"Ukipanda kuchuma, jipake majivu mikononi na miguuni."

Silvano akasonya, lakini moto akauzima.

Niliokota kila siku, mgongo ukiuma. Silvano alipita akitazama miti. Nilimwogopa. Maembe yalipokomaa, tuliyachuma kabla hayajaivia mtini. Tukayaacha ndani yaive.

Siku ya kuyapasua ikafika. Silvano akashika kisu. La kwanza, safi. La pili, safi. La tano lina funza. Roho ikaniruka! Akaendelea mpaka ishirini. Mabovu yalikuwa mawili tu. Akala moja, akala jingine, akatoka bila kuaga.

Nikamfuata mbio. Nilimkuta kwa jirani yetu Mwanakombo, mama yake Salmini, ameinama chini ya miembe yake, anaokota maembe mabovu huku anafoka:

"Mama Salmini, hivi nyie mnafuga nzi? Leteni jembe tufukie! Mnataka nzi wenu wahamie miti ya mama mkwe wangu?"